Shimo Lililopewa Mwenyewe

Harufu ilianza kuingia nyumbani kwa Mwanahawa saa za adhuhuri, wakati watu wote wa Machimboni wamejitupa vivulini na hakuna jiko linalowaka. Ilikuwa harufu ya sandarusi inayoungua. Mwanahawa akatoka uani kutazama chetezo chake, akakikuta baridi, majivu ya Alhamisi iliyopita hayajaguswa. Akamuuliza jirani kama kuna mtu anafukiza. Jirani akasema hapana, kisha, bila kuulizwa zaidi, akaingia ndani akatoka na bakuli la ming'oko, viazi vya porini vilivyochemshwa, akamtia mkononi ampelekee mtoto.

Ming'oko wakati ule haikuwa kitu cha kugawa. Mwaka uliopita watu wa Umatumbi na Rufiji waliing'oa pamba ya Mdachi, wakanywa maji ya dawa kutoka Ngarambe, wakaingia vitani wakiamini risasi zitageuka matone. Mdachi akajibu kwa risasi, kisha kwa kiberiti. Mashamba yakaungua, maghala yakaungua, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko bunduki. Watu walikuwa wakila mizizi ya porini wamegeukia ukutani ili wasionwe. Na bado Mwanahawa hakupita mlango wa mtu bila kupewa kitu.

Wema ukizidi una walakini. Ambaben, mjane wa Kihindi mwenye duka pekee pale mjini, alimpimia mchele na kumwongezea konzi nzima huku akitazama mizani, wala si uso wake. Wazee wa msikitini walishuka njiani kumpisha, wao wenye mvi, yeye mwanamke aliyenyonyesha juzi tu. Mwanzoni alidhani wanamhurumia kwa kufiwa na mume vitani. Lakini eda alishaikaa ikaisha, akaolewa na Sadallah, rafiki wa marehemu, na bado macho yalimkwepa. Mtu anayekuhurumia hukutazama. Hawa walimtendea kama mtu anayewadai jambo na wanamwomba Mungu asije akaliulizia.

Machimboni ulikuwa mji mdogo ndani ya msitu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kibiti. Hakuna mzee aliyezaliwa pale. Waliouanzisha walikuja na majembe kufuata sandarusi, utomvu wa miti iliyokufa zamani sana, uliogeuka jiwe la manjano chini ya mchanga mwekundu. Wandengereko walikuja, Wamatumbi wakaja, Wazaramo nao hawakukosa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kaburi la babu yake pale la kumtambia mwenzake, walikaa kwa usawa. Wanaume walichimba. Wanawake walikaa kisimani wakiisugua sandarusi kwa majivu mpaka ganda litoke, Ambaben akainunua, ikaenda ng'ambo kung'arisha meza za watu wasiojulikana. Palikuwa na msikiti wa makuti, ngoma mwezi ukiandama, na ugomvi wa kawaida wa mji wowote. Kila shimo lilikuwa na jina lake, na watoto waliyajua yote.

Sheria zao zilikuwa chache. Shimo huchimbwa na watu wawili, mmoja chini na mmoja juu, na wa juu ndiye mshika kamba. Mshika kamba haondoki mwenzake akiwa chini, hata kama nyumba yake inaungua. Jina la mtu halitajwi mdomoni mwa shimo, kwa kuwa chini yuko mwenyewe, na mwenyewe akilijua jina lako atakuita nalo. Kwa hiyo mchimbaji akitaka kupanda husema neno moja tu, “Nivute.” Na shimo likiua mtu, au likianza kutoa sauti zisizoeleweka, basi hupewa mwenyewe. Huchinjwa jogoo mwekundu, mdomo hufunikwa kwa magogo na matawi ya miiba, juu hupinduliwa chungu kipya, na tangu hapo hapaendi mtu. Walisema “mwenyewe” kwa sababu kusema “jini” karibu na shimo ni kumwita.

Nassibu, mume wa kwanza wa Mwanahawa, alikuwa mchimbaji, na mshika kamba wake alikuwa huyuhuyu Sadallah, tangu wote wawili hawajaota ndevu. Vita vilipoanza Nassibu alikwenda Ngarambe na vijana wa mji, akanywa maji, akashika njia ya kusini. Mwanahawa alimbeba binti yao Siti akakimbilia kwao Salale, deltani, ambako wazazi wake walikuwa wakichemsha chumvi kando ya mikoko. Aliporudi, Sadallah alimpokea njiani kabla hajaingia mjini, akamwambia kwamba Nassibu ameanguka kwenye vilima vya Umatumbi na amezikwa hukohuko. Sadallah alilia akimwambia. Mwanahawa alianza kumpenda kwa yale machozi.

Siku chache baada ya harufu, Siti alishikwa na homa. Alikuwa mtoto wa miaka minne, mwenye maneno mengi kuliko nywele, lakini adhuhuri ikifika alinyamaza, mwili ukawaka, macho yakakaa sakafuni. Jua likipinduka homa ilimwacha, akaomba maji. Kila siku aliamka mwembamba kuliko jana. Mwanahawa akimnawisha mikono alikuta udongo mwekundu chini ya kucha, na mtoto hajashuka kitandani tangu alfajiri.

Halafu ikaja sauti. Mwanahawa alikuwa amelala mkekani kando ya kitanda cha mtoto akimpepea, mji umenyamaza kwa joto, na mwanzo alidhani ni moyo wake unaopiga, kisha akadhani ni mwanamke anatwanga mbali, ila hapakuwa na nafaka ya kutwanga mji mzima, na mapigo yale hayakutoka uani wala njiani bali chini, chini kabisa ya mkeka, chini ya sakafu aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe, jembe likiingia mchangani, likitulia, likiingia tena, kwa mwendo ule wa taratibu wa mtu aliyezoea kazi na asiyetaka kujichosha kwa kuwa bado ana safari. Akaweka sikio sakafuni. Jembe likaacha. Akabaki vile vile bila kupumua, na udongo chini ya shavu lake ukaanza kuwa vuguvugu, kidogo kidogo, mahali pamoja tu, hadi akajua kwamba upande wa pili kuna shavu jingine limewekwa pale pale, linamsikiliza yeye.

Sadallah aliporudi alimwambia. Hakukaa kitako kumsikiliza, alisimama mlangoni kama mgeni.

“Umesikia nini hasa?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Jembe.”

“Panya hao.”

“Panya hawashiki jembe, bwana.”

Sadallah alisema ni homa ya mvua, itapita. Akahamisha kitanda cha mtoto upande mwingine wa chumba, na kesho yake sauti nayo ikahama. Mwanahawa alipomwomba amwite Bi Tabu, mganga wao, alikataa kwa ukali ambao hakuwahi kuwa nao. Tangu hapo adhuhuri zote alizimalizia msikitini, na wenzake wakasema Sadallah amekuwa mcha Mungu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alificha maradhi ya mtoto wa mwenzake, na hapo ndipo Mwanahawa alipoanza kumwogopa mumewe.

Siku moja mvua ilimzuia ndani. Harufu ikaja, nzito kuliko siku zote, ikawakaba koo. Sauti ya jembe haikuwa tena mbali chini. Ilikuwa karibu kiasi kwamba maji ya mtungini yalitetemeka kila lilipopiga. Siti akaketi kitandani, macho wazi, akamgeukia Sadallah, na kinywani mwa yule mtoto ikatoka sauti ya mwanamume aliyechoka.

“Nivute.”

Sadallah akaanguka kwa magoti, akaziba masikio, kisha akatoka akakimbia na mvua. Mwanahawa hakumfuata. Alijifunga kanga akaenda kumwita Bi Tabu bila ruhusa ya mtu.

Bi Tabu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa, ambaye kwa kawaida alikwenda kwa mgonjwa hata kabla ya kuitwa. Safari hii alisema dawa zimemwishia. Alisema magoti yanamuuma. Mwanahawa akamweleza kwamba mtoto anakufa, akaketi kizingitini pake, na akakaa hapo bila kusema neno jingine mpaka mganga mwenyewe akachukua mkoba wake.

Kesho yake asubuhi watu wakakusanyika uani, maana mgonjwa akipungwa jini mji mzima huja kupiga makofi na kuitikia. Mzee Kondo, mkuu wa machimbo, alikuja. Ambaben alikuja, akasimama karibu na ua. Sadallah, aliyerudi usiku, alijibanza nyuma ya watu. Bi Tabu alimfunika Siti kaniki, akafukiza ubani na udi, akamwimbia mpaka jua likakaribia utosini. Jini huulizwa jina, kwao, na anachotaka. Akijibu hayo matatu, nusu ya kazi imekwisha.

“Mgeni, tunakukaribisha kwa adabu,” Bi Tabu alisema. “U wa bara au wa bahari?”

Ubani ulikuwa ukiwaka mbele yao, lakini kilichonukia ni sandarusi.

“Si wa bara, si wa bahari,” ilisema ile sauti ya kiume ndani ya kaniki. “Mie wa hapahapa.”

“Jina lako?”

“Unalijua, Bi Tabu. Weye ndiye uliyenifunika. Kamba alishika Sadallah.”

Mwanahawa aliijua ile sauti. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha alfajiri kumwomba maji ya moto. Akageuka kuwatazama watu, kwa sababu mtu akipatwa na ajabu hutafuta wenzake wa kushangaa nao, akapita uso kwa uso, wa jirani, wa Mzee Kondo, wa Ambaben, wa vijana waliocheza na Nassibu tangu utoto, na hakuona mshangao hata mmoja. Wote walikuwa wanatazama chini. Hakuna aliyeuliza ni nani anayesema. Hapo akayaelewa mabakuli ya ming'oko, na konzi za mchele, na wazee wanaompisha njiani. Mji mzima ulijua, isipokuwa yeye.

“Unataka nini?” Bi Tabu aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayejua atajibiwa nini.

“Nimechoka kungoja kuvutwa. Nachimba mwenyewe. Kesho kutwa nafika, na nitatokea hapa kwa mwanangu.”

Siti akalegea ndani ya kaniki. Walipomfunua, midomo ilikuwa imekauka na mchanga umejaa ulimini.

Sadallah ndiye aliyesimulia, amechuchumaa, uso kati ya magoti, na aliyoyasema Mwanahawa aliyasikia amemkumbatia mtoto. Nassibu hakufia Umatumbi. Alirudi usiku mmoja mguu umevunjwa na risasi, na askari wa Mdachi wako nyuma yake. Wangemkuta, wangemnyonga yeye na kuuchoma mji. Wakamshusha shimoni, Sadallah akiwa ameshika kamba, wakampa maji na mihogo, wakaweka magogo, miiba na chungu kilichopinduliwa, ili waongoza njia wa askari, ambao ni watu wa pwani ya Mrima na wanaijua ile alama, wasithubutu kusogea. Ilikuwa hila nzuri. Wangemtoa askari wakishapita.

Lakini askari hawakupita. Walipiga kambi barazani kwa duka la Ambaben wakingoja wenzao. Ombasha, mkubwa wao, akakiona chungu kipya, akauliza. Mzee Kondo akasema shimo limepewa mwenyewe. Basi mmoja wa waongoza njia akacheka, akasema limepewaje na hapana damu? Ikabidi Bi Tabu alete jogoo mwekundu, amchinje pale mbele ya bunduki, na aseme maneno yote bila kuruka hata moja, kwa sababu yule mtu wa Mrima alikuwa ameinamisha kichwa anamsikiliza. Na maneno yenyewe husema: tunakupa shimo hili na vyote vilivyomo.

Adhuhuri ya siku iliyofuata, sauti ikatoka chini ya magogo. “Nivute.” Ombasha akauliza huyo ni nani. Mzee Kondo akasema ni mwenyewe. Ombasha akawapanga watu wote mstari, akamuuliza kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akasema ni mwenyewe. Ambaben, ambaye dini yake ni nyingine kabisa, naye akasema hivyo hivyo. Wakaulizwa tena kesho yake, na siku iliyofuata, sauti ikizidi kuwa nyembamba.

“Walipoondoka ilikuwa bado inaita,” Sadallah alisema.

“Mkafanya nini?”

Akajibu Bi Tabu. Alisema kilichokwisha kupewa hakirudishwi. Alisema waliketi wakashauriana, na mmoja akasema, tunajuaje kama huyo anayeita bado ni Nassibu? Jina halitajwi shimoni, hawawezi hata kumuuliza. Na wakimtoa, askari wakarudi, je? Penye wengi hapaharibiki neno, husema watu. Pale walikuwa wengi, na neno lilipata watetezi kila upande.

“Tulikuwa tumelisema sana,” alisema Sadallah. “Likawa rahisi kuliamini.”

Alikwenda peke yake siku moja, jua linakuchwa. Akasogeza gogo, akateremsha kamba. Kamba ikashikwa. Akaanza kuvuta, na mzigo ulikuwa mzito kuliko mtu mmoja, mzito kuliko watu wawili, na alijua kuwa mtu aliyekaa na njaa na kiu hawezi kuwa na uzito ule. Akaiachia. Akarudisha gogo mahali pake. Kisha akaenda kumngoja mke wa mwenzake njiani.

Mwanahawa aliuliza jambo moja tu, kama Nassibu alimtaja.

“Jina halitajwi shimoni,” Sadallah alisema, akalia. Yale yale machozi, na safari hii Mwanahawa aliyapa mgongo.

Aibu ina uzito wake, lakini haimponyeshi mtoto. Bi Tabu alisema kuna njia moja. Jini peke yake angemtoa kwa ubani, ila walimpa mtu naye amemvaa. Ikitolewa mifupa, ikavikwa sanda na kusaliwa, mwenyewe atakosa cha kuvaa na jembe litanyamaza. Akauliza nani atashuka. Sadallah akainuka, akasema atashuka yeye. Hakuna aliyemzuia, wala hakuna aliyejitolea kushika kamba, mpaka Mwanahawa alipompa jirani mtoto.

“Nitashika mie,” alisema.

Jua lilikuwa bado juu walipokiondoa chungu. Magogo yalipoinuliwa, harufu ya sandarusi ilipanda ikawarudisha nyuma watu wote, naye Sadallah akajifunga kamba kiunoni, akachukua shuka na kikapu chenye kamba yake ndogo, akamtazama mkewe, na pengine alitaka kumwita kwa jina, lakini pale jina halitajwi, akashuka. Kamba ikapita viganjani mwa Mwanahawa, ikapita, ikapita, hata akadhani haitakwisha, kisha ikalegea. Chini palisikika kukwaruza. Muda ukaenda. Kikatingishwa kikapu kwenye kamba ndogo, wakakivuta, na ndani yake, katika shuka aliyoshuka nayo Sadallah, ilikuwamo mifupa, myepesi kama kuni kavu, na mfupa mmoja wa mguu umevunjika. Mwanahawa hakulia. Alikiweka kikapu kando ya mguu wake, akaishika tena kamba kubwa.

“Nivute,” ilisema sauti ya Sadallah.

Akakaza mikono. Na kabla hajavuta, sauti ile ile, ya Sadallah yule yule, ikatoka tena, mbali kidogo na ya kwanza, kama watu wawili wamesimama kwenye pembe mbili za shimo.

“Nivute.”

Watu wakarudi nyuma. Kamba ikawa imekazwa, kuna aliyeishika, na hakuna aliye juu aliyeweza kujua ni yupi. Mwanahawa akavuta. Ilikuwa nzito, ikamchuna viganja, akavuta na damu, na kwa mara ya kwanza watu wa Machimboni wakaja nyuma yake mmoja mmoja wakaishika naye, wazee kwa vijana, wakavuta kwa pumzi moja bila kuimba, mpaka kikatokea kichwa chenye udongo mwekundu, kisha mabega, kisha Sadallah mzima, akasimama mdomoni mwa shimo akipepesa macho kwa mwanga. Chini pakanyamaza.

Nassibu alizikwa jioni ile, akasaliwa na watu wote. Sadallah alisimama mbali na safu, akasema ana udongo mwilini. Siti aliamka kabla ya giza, akaomba chakula. Mwanahawa akaupika mchele wa Ambaben wote uliobaki, akautia chumvi aliyopewa na mama yake Salale, na mtoto akala mpaka akasinzia na tonge mkononi. Sauti ya jembe haikuwepo, wala harufu. Mwanahawa alilala chini akaweka sikio sakafuni, akasikia udongo tu, akamshukuru Mungu kwa machozi.

Sadallah alitia tonge moja mdomoni akalitema.

“Chumvi,” alisema, akiufuta ulimi kwa kidole.

Mwanahawa akamtazama. Hakuna mtoto wa pwani asiyejua kwamba wasiokula chumvi ni majini. Akainuka, akampikia mihogo mitupu, akamwandalia mbele yake bila kumuuliza neno, naye akala yote.

Kesho yake watu walikuja na majembe kulifukia shimo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa Machimboni. Mzee Kondo aliona ni heri lisionekane. Sadallah alikuja na jembe lake pia. Siti alikaa kivulini na watoto wenzake akiwasimulia uongo mtupu kuhusu bibi yake wa Salale na mamba, mashavu yameanza kurudi. Walichelewa kuanza kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake atie mchanga wa kwanza, na walipokuwa bado wanangojana, jua likasimama utosini.

“Mwanahawa,” ilisema sauti kutoka chini. “Nivute. Mie Sadallah. Kamba alinipokonya yeye.”

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu mwenye kiu. Mwanahawa akageuka kumtazama mwanamume aliyesimama kando yake na jembe begani. Naye akamtazama, kwa utulivu, bila kushangaa, kama mtu anayengoja mkewe aamue kitu kidogo cha nyumbani.

Bi Tabu alimsogelea mpaka mdomo ukagusa sikio lake. Alimwambia kuwa shimo lililopewa halikai tupu. Wakimvuta aliye chini, huyu aliye juu atataka kurudi pake shimoni, na njia ya kuja nyumbani kwa Mwanahawa, hadi chini ya kitanda cha mtoto, imekwisha kuchimbwa.

“Mwanangu,” alisema Mzee Kondo, “tufanyeje?”

Na watu wote wa Machimboni wakamtazama usoni. Kwa mwaka mzima hawakuthubutu, sasa walimtazama bila haya, wanamngoja, na ndani ya macho yao aliona kitu kinachofanana na faraja, maana hawatakuwa tena peke yao. Aliwachukia kwa macho yale. Akatazama kivulini. Siti alikuwa anacheka, amefungua mikono kuonyesha ukubwa wa mamba.

Mwanahawa akainama, akatia jembe mchangani, akausukuma ndani.

Watu wakamfuata. Safari hii hakuna aliyesema ni mwenyewe, maana hakuna aliyeuliza. Mchanga ulipokuwa umeanguka kiasi, sauti ikaita tena, si kwa nguvu.

“Mwanahawa. Siti amepona?”

Majembe yakasimama. Alitaka kunyamaza, akashindwa.

“Amepona,” alisema.

Sauti haikuita tena. Walingoja kidogo, wakidhani itaomba, itamlaani, itasema lolote ambalo lingewapa sababu ya kuiogopa, lakini chini hapakutoka neno. Basi wakaendelea kufukia mpaka pakawa sawa na ardhi, na aliyefanya kazi kwa bidii kuliko wote ni mumewe.